Mbwa wangu katoka kufungwa kizazi leo, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano na jicho moja halifunguki

BiMbezi
Jumamosi, saa 2 usiku

Wakuu heshima kwenu. Naomba msaada wa haraka, hasa kwa madaktari wa mifugo mliomo humu.

Nina jike la Shih Tzu, anaitwa Tausi, ana miaka 4. Ni wale mbwa wadogo wa manyoya marefu, uso bapa, macho makubwa yaliyotokeza nje. Leo asubuhi nimempeleka kufungwa kizazi kwenye kliniki moja hapa Dar, jina naliacha. Operesheni imekwenda salama, mshono msafi, na saa kumi na moja jioni nikaruhusiwa kumchukua. Karatasi niliyopewa inaonyesha alipata zailazini na ketamini za kumlaza, na mofini ya maumivu mara mbili, ya pili muda mfupi kabla hatujaondoka. Kuanzia kesho nimpe meloksikamu, dawa ya maumivu ya maji, mara moja kwa siku.

Shida yangu ni macho.

Mboni zote mbili zimesinyaa mpaka karibu hazionekani. Nimezima taa sebuleni nikasubiri, nikammulika kidogo kwa simu kutoka pembeni, bado ni vidoti tu. Anatembea anagonga mguu wa meza, na ngazi ya barazani ameikataa kabisa. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho kumepanda utando wa waridi ambao sikuwahi kuuona.

Halafu jicho la kushoto analifumba. Analifungua nusu, linamwaga machozi mpaka manyoya ya shavu yamelowa, na nikiwasha taa anageuza uso. Ameanza kulisugua kwa mguu wa mbele. La kulia analifungua vizuri.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba paka wangu aliwahi kuchomwa sindano ya maumivu, na yeye mboni zilipanuka zikajaa jicho zima. Sasa huyu mbona kinyume?

Nimepiga simu kliniki, aliyepokea akasema ni dawa tu, zitaisha, nirudi Jumatatu. Jirani yangu ameniletea matone ya macho aliyoandikiwa mtoto wake, yana neomisini na deksamethasoni. Bado sijayatia. Niyatie? Na kwa kuwa analialia, naweza kumpa nusu kidonge cha ibuprofeni?

Natanguliza shukrani.

KijanaWaTegeta
Jumamosi, saa 2 na robo usiku

Pole dada. Rottweiler wangu alivyoshonwa mguu alikuwa hivyo hivyo, macho madogo, amelewa, anayumba. Kulipokucha yuko sawa anadai chakula. Mpe muda, dawa zinatoka zenyewe. Hayo matone sidhani kama yana ubaya, si ni dawa ya macho?

DoktaWaTanga
Jumamosi, saa 3 kasoro usiku

Dada wa Mbezi, matone ya jirani mrudishie, na ibuprofeni usimpe hata kipande. Hayo mawili kwanza, maelezo yanafuata.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, nimefanya kazi Arusha kwa muda mrefu na mbwa wa ulinzi na wa majumbani, sasa niko Tanga. Jambo hili la macho baada ya usingizi wa dawa nalisimamia sana kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu, maana mbwa huondoka mezani na mshono mzuri wa tumbo huku kidonda kikiwa jichoni, na hakuna aliyekitazama. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Mboni. Hizo ni kazi ya mofini, na kwa mbwa ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ndani ya ubongo kuna kikundi cha seli za neva kinachoamrisha msuli wa mduara unaobana mboni. Mofini kwa mbwa hukichochea kikundi hicho, kama inavyofanya kwa binadamu, na mboni hubana. Kwa paka na farasi dawa zile zile huamsha homoni za msisimko mwilini, adrenalini na wenzake, na mboni hufunguka. Paka wako hakuwa na kasoro na Tausi naye hana, ni wanyama wawili tofauti. Mofini kwa mbwa hufanya kazi saa chache tu, kama nne hivi, na mboni huanza kurudi inavyopungua. Kwa kuwa sindano ya pili alipewa jioni, usiku huu mboni kubana ni jambo la kutarajia. Kesho asubuhi zikiwa bado hivyo, hilo nitataka kulisikia.

Kugonga meza ni matokeo ya hayo hayo pamoja na ulevi wa dawa. Mbwa huona gizani kwa sababu anafungua mboni kwa upana, na nyuma ya retina ana tabaka linalorudisha mwanga, lile linalofanya macho yawake ukimmulika kwa taa za gari. Mboni ikibana, mwanga hauingii wa kutosha na lile tabaka halina cha kurudisha. Kule Arusha kuna kampuni ya ulinzi ilitaka mbwa wake arudi lindo usiku ule ule aliotoka kushonwa jeraha la bega, akiwa bado ana mofini. Nilikataa. Mlinzi anayemtegemea mbwa yule asingejua kwamba mwenzake anaona nusu. Tausi mwekee mahali pamoja pasipo na ngazi, acha taa hafifu, usihamishe viti.

Utando wa waridi ni kope la tatu, mbwa wote wanalo. Dawa za kutuliza hulegeza misuli ya jicho, jicho linazama kidogo, na kope hilo linajitokeza. Asepromazini ndiyo maarufu kwa hili, ila si peke yake. Likipanda sawa macho yote mawili, ni dawa. Likipanda upande mmoja zaidi, mbwa anavuta jicho ndani kwa maumivu. Hebu tazama tena unijibu: la kushoto limepanda kuliko la kulia?

Sasa jicho la kushoto, na hapa sikubaliani na aliyekwambia usubiri Jumatatu. Hakuna dawa ya usingizi wala ya maumivu inayomfanya mbwa afumbe jicho moja na kulisugua. Dawa aliyochomwa mwilini inaingia macho yote mawili kwa usawa. Jicho moja likifumba, likimwaga machozi na kukimbia mwanga, linauma. Na fikiria kwamba linauma wakati bado ana mofini mwilini. Mofini ikiisha itakuwaje?

Ninavyodhani, ana mchubuko au kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kwa mbwa unene wake ni kama nusu milimita tu. Konea haina mishipa ya damu. Inalishwa na kulindwa na machozi, kupepesa, na hisia kali inayomfanya mnyama afumbe jicho kabla kitu hakijalifikia. Zile dawa tunazomchoma ili asisikie kisu zinavuruga yote matatu kwa pamoja. Kutoa machozi kunashuka sana mbwa akishapata usingizi, na huweza kubaki chini kwa saa nyingi baada ya kuamka, hata kufikia saa 24. Medetomidini, dawa ya kutuliza, ikichanganywa na butofanoli, ya maumivu, hushusha machozi mpaka karatasi ya kipimo inatoka karibu kavu. Atropini nayo hukausha. Kupepesa kunapungua au kunaisha.

Ketamini ina tabia yake. Mbwa analala lakini macho yanabaki wazi, yanatazama mbele kama yu macho. Kwa gesi ya usingizi jicho hugeuka chini kuelekea puani, na sisi tunalitumia hilo kupima kina cha usingizi, na angalau sehemu ya konea inajificha. Kwa ketamini konea yote iko hewani, chini ya taa ya operesheni, feni inapuliza, na kitambaa kinaweza kuigusa bila mbwa kutikisika. Ndiyo maana ni lazima kupaka mafuta ya macho kabla ya kuanza na kurudia wakati kazi inaendelea. Kwangu muda wa kupaka unaandikwa kwenye karatasi ile ile ya mapigo ya moyo, na asiyeandika namhesabu hakupaka.

Na huyo ni Shih Tzu! Mbwa wa uso bapa tundu lao la jicho ni fupi, jicho liko nje, wengine hulala kope hazijakutana vizuri, na konea zao zina hisia pungufu kuliko za mbwa wa pua ndefu. Rottweiler wa ndugu yetu wa Tegeta anaweza kupita salama mahali ambapo Shih Tzu anatoka na kidonda.

Matone ya jirani yana deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi kwenye konea yenye kidonda inazuia kupona na kufungua njia kwa vijidudu, na inaweza kusababisha konea kuyeyuka. Nikisema kuyeyuka simaanishi kidogo: kinakuwa kitu cheupe, laini kama uji, na jicho linaweza kutoboka kwa muda mfupi. Hakuna tone lenye steroidi kabla kidonda hakijapimwa.

Ibuprofeni kwa mbwa hutoboa tumbo na kuharibu figo, na ukiichanganya na meloksikamu unazidisha hatari mara dufu. Diklofenaki ni hivyo hivyo.

Usiku huu mzuie asisugue. Kama hukupewa koni ya plastiki ya shingoni, viringisha taulo nene umfunge shingoni kwa utepe, lisimkabe. Matone ya machozi ya bandia, yale ya kulainisha tu yasiyo na steroidi wala ya kuondoa wekundu, unaweza kumtilia macho yote mawili. Kesho Jumapili asubuhi mapema mpeleke kwa daktari aliye kazini, yeyote, na umwombe ampime kwa rangi ya fluoresini. Rangi hiyo inashika pale tu ngozi ya juu ya konea ilipotoka, na kwa mwanga wa bluu inawaka kijani. Ukiona jicho limekuwa jeupe, au kuna kitu laini juu yake, au analia kwa nguvu, usingoje asubuhi.

BiMbezi
Jumamosi, saa 3 na nusu usiku

Shikamoo dokta. Ahsante sana, nimesoma yote mara mbili.

Nimetazama tena. Utando umepanda macho yote, lakini la kushoto umefunika karibu theluthi ya jicho, la kulia ni ukingo tu. Koni sikupewa, nimemfunga taulo, amekaa nalo kwa hasira lakini hasugui tena. Machozi ya bandia mume wangu ameyapata duka la dawa Tangi Bovu.

Nina maswali mawili. Umesema mboni ndogo ni za mofini, lakini mahali pengine nimesoma kwamba jicho likiwa na kidonda mboni pia inabana. Sasa nitajuaje ipi ni ipi? Na la pili, alipochomwa sindano ya kwanza pale kliniki alitapika sana. Inahusiana na macho?

DoktaWaTanga
Jumamosi, saa 4 kasoro usiku

Marahaba. Umeuliza swali ambalo daktari mchanga pia angefaa aulize.

Ni kweli. Konea ikichubuka, neva zake hutuma habari inayobana misuli ya ndani ya jicho, mboni inasinyaa na ule mkazo wenyewe unauma. Jicho likivimba ndani, mboni inasinyaa pia. Sisi hutazama kama mboni mbili zinalingana, na jicho lenye mboni ndogo kuliko mwenzake ndilo tunalolishuku. Tatizo ni kwamba mofini imezibana zote, kwa hiyo alama hiyo tumeipoteza mpaka dawa iishe. Usiku huu mboni zake hazisemi lolote juu ya kidonda. Tegemea kufumba, machozi, kukimbia mwanga na kope la tatu, na kwa hayo manne jicho la kushoto limeshajieleza. Kesho asubuhi kabla hujatoka, zitazame tena katika mwanga wa dirishani. Kama ya kulia imefunguka na ya kushoto bado ndogo, mwambie daktari hivyo, maana ataamua kama jicho linahitaji tone la atropini la kulegeza ule mkazo. Atropini ya tone humfungua mboni kwa siku kadhaa, na pia hupunguza machozi, kwa hiyo hatuitii ovyo kwenye jicho lililokwisha kauka. Na mbwa mwenye presha ya jicho hatiliwi kabisa.

Kutapika: zailazini huwatapisha mbwa, mofini pia. Mbwa anapokazana kutapika, presha ndani ya jicho hupanda. Kwa jicho zima haina madhara, hupanda na kushuka. Kwa mbwa anayeingia kliniki akiwa tayari na kidonda kirefu kinachokaribia kutoboka, kutapika mara moja kunaweza kulipasua jicho. Ketamini nayo inaweza kupandisha presha hiyo, kwa sababu misuli inayolishika jicho haiachi kukaza. Mbwa wa aina hiyo tunamchagulia dawa nyingine na kumpa ya kuzuia kutapika kabla ya yote. Tausi aliingia macho yakiwa mazima, kwa hiyo kutapika hakukumuumiza jicho. Ninachoshuku ni kukauka, au kuguswa na kitambaa.

AfisaMifugo_Kongwa
Jumapili, saa 1 asubuhi

Dokta, naomba niingilie, mada hii inanihusu sana. Sisi huku tunafanya kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, na siku hiyo hiyo tunahasi madume. Mbwa wa kienyeji, kazi chini ya mti, upepo na vumbi la Dodoma unalijua. Dawa tulizonazo ni zailazini na ketamini tu. Mafuta ya macho ya kliniki hatuna na bajeti haitaji kitu hicho. Baadhi ya wenye mbwa wanarudi wakisema mbwa anatoa tongo. Tufanye nini kinachowezekana?

Na pia, kuna mwenzangu alipima machozi ya mbwa kwa karatasi wakati mbwa amelala, akapata milimita 4, akamwambia mwenye mbwa kwamba ana ugonjwa wa jicho kavu wa maisha. Ilikuwa sahihi?

DoktaWaTanga
Jumapili, saa 2 asubuhi

Mkuu wa Kongwa, kazi mnayofanya naiheshimu, na hili linawezekana kwa fedha kidogo sana.

Marhamu ya macho ya tetrasaiklini asilimia 1, ile iliyozoeleka kwenye zahanati kwa ajili ya trakoma, inatosha. Kitone kama punje ya mchele ndani ya kope la chini, kila jicho, mara tu mbwa anapolala, kisha fumba kope kwa vidole mara chache isambae. Kirija kimoja kinahudumia mbwa wengi. Ncha isiguse jicho, ikigusa umehamisha vijidudu kwa mbwa anayefuata. Kama una mbwa mwenye jicho lililopasuka au kutoboka, huyo usimtie marhamu, mafuta yakiingia ndani ya jicho ni balaa.

Kichwa kipe mgongo kwa upepo. Weka kanga nyepesi juu ya uso bila kuziba pua, na kanga isilale juu ya jicho lenyewe. Mtoto mmoja wa mwenye mbwa anaweza kupewa kazi ya kuzifumba kope taratibu kila baada ya dakika chache, na wanapenda sana kazi hiyo. Kazi ikiisha usimlaze kwenye mchanga, mlaze kwenye gunia, kivulini, mpaka aweze kupepesa mwenyewe ukigusa kona ya jicho. Asiyepepesa asiende nyumbani.

Kuhusu karatasi ya Schirmer: mwenzako alipima dawa, hakupima mbwa. Kipimo hicho kilitoka kwa daktari Mjerumani wa macho, Otto Schirmer, mwaka 1903, na kwa mbwa aliye macho tunatarajia karatasi ilowe milimita 15 au zaidi kwa dakika moja. Chini ya 10 tunaanza kushuku jicho kavu. Lakini mbwa akishapata dawa ya kutuliza, hata kidogo tu ili atulie mezani, namba inashuka. Kwa hiyo machozi yanapimwa kabla ya sindano yoyote, na kabla ya tone la ganzi pia. Mbwa yule apimwe upya akiwa timamu, siku nyingine kabisa. Dawa ya jicho kavu kama saiklosporini hutiliwa kwa miaka, si haki mtu kuinunua kwa sababu ya kipimo cha saa ya usingizi. Akipimwa na bado namba iko chini, uliza kama amewahi kunyweshwa Septrin, yenye salfa, kwa muda. Salfa inaweza kuua tezi za machozi za mbwa, na katika dawa za maumivu etodolaki nayo ina sifa hiyo hiyo.

Presha ya jicho pia isipimwe mkiwa mmemkaba shingo. Kumvuta mbwa kwa kola huipandisha, hatamu ya kifuani haifanyi hivyo. Kwa mbwa wengi wazima huwa kati ya milimita 10 na 25 za zebaki.

Na ndugu zangu wa kampeni, mboni kubwa zisizobana kwa tochi, mate yanatiririka, mbwa anayumba na haoni: huyo uliza kama amechomwa ivamektini ya ng'ombe kwa ajili ya kupe. Zailazini haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Collie na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kijeni inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na hao hao hulewa kupita kiasi kwa asepromazini na butofanoli. Mbwa mwingine yeyote naye, akizidishiwa kipimo, yanamkuta hayo hayo.

BiMbezi
Jumapili, saa 9 alasiri

Dokta na wote, narudi na majibu.

Asubuhi mboni ya kulia ilikuwa imefunguka vizuri, ya kushoto bado ndogo, kama ulivyosema nitazame. Tumemkuta daktari dada mmoja, mtulivu sana. Ametia ganzi, kisha rangi, na kwa mwanga wa bluu nimekiona kwa macho yangu, mstari wa kijani karibu na katikati ya jicho. Amesema ni kidonda cha juujuu, hakijaingia ndani. Amempa marhamu ya antibiotiki mara nne kwa siku, machozi ya bandia katikati, koni ya shingoni, na tone moja la atropini pale pale. Meloksikamu iendelee kwa siku alizoandikiwa. Turudi Jumatano apakwe rangi tena.

Nimemwona alivyofungua jicho palepale baada ya ganzi, kama hajawahi kuumwa. Nikamwomba daktari aniuzie kichupa hicho nikae nacho nyumbani kwa ajili ya usiku. Amekataa kabisa. Kwa nini, ikiwa inamtuliza hivyo?

Na mwaka ujao anatakiwa kusafishwa meno kwa usingizi. Naogopa sasa.

DoktaWaTanga
Jumapili, saa 12 jioni

Huyo daktari mshike, usimwache.

Ganzi ya jicho ni ya kupimia tu. Inafanya kazi ndani ya dakika moja na kuisha ndani ya saa moja, na kila unapoitia inaua seli changa zinazojaribu kufunika kidonda. Mbwa asiyesikia jicho lake hapepesi, anasugua zulia, anaingia kwenye kichaka. Hili si jipya. Carl Koller alipoonyesha huko Vienna mwaka 1884 kwamba kokeini inalitia jicho ganzi, baada ya kuijaribu kwa wanyama kwanza, upasuaji wa macho ulibadilika duniani kote, na haikuchukua muda madaktari kuona konea zilizoharibika kwa kuachiwa dawa hiyo mkononi. Maumivu ya Tausi nyumbani yatulizwe na meloksikamu na ile atropini. Kidonda cha juujuu kisichoambukizwa hufunga ndani ya siku tatu mpaka wiki moja. Kikizidi wiki hakijafunga, kuna kinachokizuia, labda unyweleo unaogusa jicho au machozi pungufu, na kitafutwe. Mboni ya kushoto sasa itakuwa kubwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya atropini, usishtuke, na usimtoe jua la mchana.

Meno yasafishwe, usiogope usingizi. Ule ugonjwa wa fizi utamletea mateso makubwa kuliko sindano. Ila wiki moja kabla, mpeleke akapimwe machozi akiwa timamu, namba iandikwe macho yote mawili. Siku yenyewe uliza nani atapaka mafuta ya macho na kila baada ya muda gani, na umwombe aandike. Kusafisha meno kunarusha maji na uchafu usoni, kwa hiyo macho yafunikwe pia. Ukirudi naye nyumbani endelea na machozi ya bandia mpaka kesho yake saa kama hiyo, hata akionekana mzima. Ile karatasi ya dawa ya jana itunze uwape, na uwaambie aliwahi kupata kidonda jicho la kushoto. Na mpeleke kwa hatamu ya kifuani, kola iache nyumbani.

Jumatano ukipata majibu ya rangi yaandike hapa, nitakuwepo.